Mstari wa Pili

Bi Ezzat Pursadeghi alifundisha kemia mjini Rasht, Irani, kwa miaka ishirini na tisa, na tangu astaafu kazi yake kubwa ilikuwa kupeleka faili la chama ofisi ya usajili na kurudi nalo nyumbani. Chama chenyewe kilikuwa cha walimu wastaafu, watu kumi na sita. Katiba yake aliiandika kaka yake, Kiumars, kwa mkono, kwenye meza ya jikoni.

Mara ya kwanza faili lilirudishwa kwa sababu ya jina: neno "huru" liondolewe. Wakaliondoa. Mara ya pili, kiapo cha utii kwa katiba ya nchi na kwa uongozi wa mwanazuoni mkuu kilikuwa ukurasa wa mwisho, kinatakiwa ukurasa wa kwanza. Wakakihamisha. Mara ya tatu karani wa vyama alishusha kidole kwenye orodha ya waasisi, akakisimamisha mstari wa pili, kwenye jina la Kiumars.

"Huyu."

"Ana nini?"

"Mama, mwenyewe unajua. Aliwahi kufungwa."

"Miezi saba. Nywele zake zilikuwa bado nyeusi."

"Mwasisi lazima awe ameukubali mfumo kwa moyo na kwa matendo. Mtoeni, kibali mtapata. Msipomtoa, tutaonana hapahapa, mimi na wewe, mpaka nami nistaafu."

Ezzat alingoja hasira imjie. Haikuja. Akafunga faili, akashuka ngazi, akapanda basi.

Alimkuta Kiumars akimenya vitunguu saumu, akamweleza yote. Kaka mtu hakuinua kichwa.

"Nifute."

"Kaka, chama ni chako."

"Chama gani? Mimi naona faili tu. Nifute, mwalimu, na usinililie hapa, saumu inatosha."

Hakuwa akilia. Alikaa kwenye kompyuta, akafuta mstari wa pili. Wa tatu ukapanda kuziba pengo.

Kibali kilitoka majira ya baridi. Mkutano wa kwanza ulifanyika kwenye ukumbi wa harusi, na ofisi ikamtuma mtu wake wa kuangalia. Kiumars naye alikuja, amevaa koti la suti, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango.

"Yule mzee ni nani?" mtu wa ofisi alimnong'oneza Ezzat.

"Mgeni."

"Mgeni wa nani?"

"Wangu."

Ikaandikwa kwenye kumbukumbu: wanachama kumi na watano, mgeni mmoja. Chai ilipoletwa, kiti cha mlangoni kilikuwa kitupu. Ezzat hakutoka kumfuata. Saa hiyohiyo alichaguliwa kuwa katibu mkuu. Watu wakapiga makofi, naye akashukuru, akauliza kama kuna la nyongeza.

Siku hizi Kiumars huja kwake kila Ijumaa na samaki. Huzungumzia mvua, na goti linalomsumbua. Mara moja tu aliuliza:

"Vipi chamani kwenu?"

"Tupo," alisema Ezzat, akamsogezea ndimu.