Mapunye ya Zaidi, Macho ya Johari

Mwantum, mkulima wa mihogo na korosho kule Mtawanya, hakuwa mtu wa kunyamaza. Kanga akiisifia yeye, jirani zake wataitafuta mpaka waipate. Mwaka ule wanunuzi binafsi wa korosho walipoanza kuingia vijijini na mizani yao, walikuja pia madaktari kujaribu dawa ya mapunye. Vidonge hivyo watu wazima walikwisha kuvitumia; sasa ilitakiwa ijulikane kama vitawaponya watoto, na kama havitawadhuru.

Mwanawe Zaidi alikuwa na mabaka kichwa kizima, nywele zimepukutika, na shuleni hakuna aliyetaka kukaa naye. Mwantum akakubali upesi, kisha akamwendea shoga yake Nasma, ambaye mwanawe Johari naye alikuwa na mapunye.

"Mlete na Johari, shoga. Ingekuwa hatari, ningempeleka wangu?"

Nasma aliogopa habari ya mtoto kutolewa damu, lakini alimwamini Mwantum. Akampeleka.

Haukupita mwezi, Johari akakataa chakula. Nasma akaingia kwa Mwantum kambeba, hata hodi hakupiga.

"Mtazame macho."

Yalikuwa ya manjano kama binzari. Kabla hajamgusa Johari, Mwantum akageuka, akamtazama macho Zaidi. Nasma alimwona akifanya hivyo.

Wakampeleka zahanati. Nesi Marsela, mama wa kutoka bara aliyekuja na wale madaktari, akamtoa mtoto damu.

"Dawa tunaisimamisha leo hii," akasema. "Nadhani ini lake limeikataa. Ndiyo maana damu tunaipima."

"Atapona?" Nasma akauliza.

Marsela akampapasa mtoto tumbo. "Wengi hupona wakiiacha. Alale hapa tumwangalie."

Damu ya Zaidi ilikutwa safi. Mwantum akaambiwa kwamba akitaka kumwachisha ni haki yake, hatalaumiwa. Hakumwachisha, wala hakupata usingizi. Kila asubuhi alimpa kidonge, kisha akamshika kidevu na kumgeuza juani, akayakagua macho yale mpaka mtoto akalia. Kisimani wanawake walijitwika ndoo zao akifika. Nyuma yake walisema mdomo wake umeuza watoto wa watu.

Manjano ya Johari yalififia polepole, akarudi nyumbani amekonda. Nywele za Zaidi nazo zikaanza kuota. Badala ya kufurahi, Mwantum akaona haya. Akamvisha kofia kuzificha.

Siku moja Nasma akawakuta njiani. Akaivua ile kofia, akapitisha kiganja kichwani mwa mtoto.

"Zimeota."

"Ee."

"Wangu bado ana mapunye. Lakini anakula."

"Nisamehe, shoga."

Nasma akamrudishia Zaidi kofia yake. "Kuja kwako nitakuja," akasema. "Ila habari ya mwanangu usinishauri tena."