Tumbo la Hedhi Bila Hedhi

Mwezi mmoja kabla ya mfungo nilitolewa kinyama kizazini. Kazi ya nusu saa, nikarudi Mbagala siku hiyohiyo. Daktari, binti mdogo mwenye sauti ya kuamrisha, alinionya kuwa hedhi inaweza kukawia au kubadilika, lakini nikiumwa tumbo la hedhi na damu sioni, nirudi mbio, kwa sababu mlango wa kizazi unaweza kuziba damu ikabaki ndani. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, huku nawaza usafiri wa kurudi.

Nyumbani tunaishi na mama mkwe, na mambo ya kizazi kwa mama mkwe hayasemwi. Nilimuaga kuwa naenda kumtazama dada yangu Kinyerezi. Lakini kuna jambo moja huwezi kumficha. Ramadhani, mwanamke wa nyumba ile akiingia siku zake, hula jikoni kimyakimya, mlango umerudishwa, na mama mkwe hujifanya haoni. Mwaka huu sikurudisha mlango. Siku zangu zilipita nami nipo kwenye tarawehe. Nina miaka arobaini na nane, mama mkwe akapiga hesabu yake.

"Hongera, mwanangu. Umeshakoma. Sasa unafunga zote thelathini kama sie wazee."

Akawatangazia mashoga zake. Akanipa doti ya kanga. Miaka ishirini na mbili nimekaa na yule mama, hajawahi kunisifia hata wali. Nilivimba kichwa, sifichi.

Maumivu yakaanza wiki ya pili. Yalishika chini ya kitovu, yakaachia, yakashika tena. Tumbo la hedhi lilelile ninalolijua tangu darasa la saba, ila damu hakuna. Hapo nikanaswa. Nikisema naumwa, ataniuliza kinachoniuma, na uongo wangu utatoka. Nikila jikoni, nala kwa ruhusa gani? Mgonjwa ameruhusiwa kula, najua, lakini mgonjwa huulizwa maswali. Basi nikafunga, na nilijichukia kwa kufunga. Dawa nilizimeza wakati wa daku, adhuhuri zimekwisha nguvu, na futari ya watu tisa inanisubiri.

Siku ya kumi na nane nilikuwa nimekaa kwenye mbuzi, nakuna nazi ya mihogo. Tumbo likabana, nikashindwa kunyooka. Mama mkwe alinikuta nimejikunja sakafuni. Nikamwambia yote palepale: kinyama, daktari, uongo wa Kinyerezi. Akaita bajaji, akapanda na mimi.

Hospitali walinifungua mlango wa kizazi. Damu nyeusi, nzito, ikatoka, na maumivu yakalegea nikiwa bado kwenye kitanda chao. Nililia kwa nafuu.

Mama mkwe aliingia na chupa ya maji. Ilikuwa saa tisa alasiri, wodi nzima inatutazama. Akaifungua mwenyewe, akanishikisha.

"Kunywa."

Nikanywa mpaka nusu. Alisubiri nimalize.

"Kwa hiyo mie nilifurahi, nawe ukaona bora ufe kuliko kuniambia sivyo?"

Nikamrudishia chupa.

"Ndiyo, mama," nikasema.