Kiu ya Banzi Mkubwa

Kule Mkuyuni, nilipokuwa mtoto, niliamini kabisa kwamba kuna marehemu mmoja wa ukoo wetu anayekunywa gongo kila asubuhi. Alikuwa Banzi, kaka yake Bibi, aliyefariki kabla sijazaliwa. Jina lake alirithishwa mjomba wangu, na kwetu Uluguru anayerithi jina humrithi na mwenye jina.

Mjomba Banzi alirudi kijijini wakati viwanda vya Morogoro mjini vinauzwa na watu wanapunguzwa kazi. Aliondoka mtanashati, akarudi na chupa. Asubuhi, kabla hajanywa, mikono ilimtetemeka hadi chai inamwagika, na jasho lilimtoka kwenye baridi ya mlimani. Siku moja alikosa gongo kutwa nzima, akaanza kupangusa ukutani siafu ambao sisi wengine hatukuwaona. Alipopata mafunda mawili, akatulia. Ushahidi gani tena tulihitaji? Banzi mkubwa alikuwa na kiu.

Mimi nililia kwa sababu yangu. Nilikuwa mwali, nimewekwa ndani kwa Bibi, na siku ya kutolewa, mwali hubebwa mabegani na mjomba wake mbele ya kijiji kizima.

"Bibi, ataniangusha," nilisema.

"Mke mwenzangu, wewe nenepa tu. Huyo niachie mimi."

Kesho yake nilichungulia kwenye ufa wa mlango, nikamwona Bibi kampokonya Mjomba chupa.

"Banzi, huna adabu! Unakunywaje kabla ya mwenye jina?"

"Mama, nisipokunywa nakufa."

"Nani kakukataza? Utanywea hapahapa kwangu, mkubwa akishapata chake."

Tangu hapo, kila asubuhi Bibi alimimina gongo kwenye kikombe, akamwaga kidogo kizingitini huku akiwataja wazee, kisha akampa Mjomba kilichobaki pamoja na bakuli la uji. Mwanzoni yalikuwa matone. Baadaye akawa anasema, "Leo mkubwa ana kiu kweli," na kikombe kinabaki nusu, kisha robo. Mjomba alinung'unika, lakini nani abishane na marehemu? Mpaka asubuhi moja Bibi akamwaga yote. Nilisogeza jicho kwenye ule ufa wa mlango. Mjomba aliitazama ile ardhi iliyolowa, akatikisa kichwa, akavuta bakuli la uji. Alilinyanyua kwa mkono mmoja na uji haukumwagika.

Siku ya ngoma alinibeba kutoka kwa Bibi hadi uwanjani, akicheza, mikono yake imenishika miguu imara. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Leo najua kwamba mwili uliozoea pombe hutetemeka ukiikosa, na kwamba kumkatia mlevi ghafla kunaweza kumuua. Hospitali wanauita ugonjwa, Bibi aliuita kiu ya mkubwa. Wote wawili hawakumwita mhuni, na hilo ndilo ninalomshukuru Bibi zaidi. Niliwahi kumuuliza kama alikuwa akimpunguzia kwa makusudi. Alinishangaa.

"Kumpunguzia nani? Mimi nilikuwa namnywesha kaka yangu."

Mjomba yu hai, mzee wa mvi. Kwenye sherehe akiletewa bia huipokea kwa mikono miwili, akaimwaga yote chini kwa adabu, kisha akaomba chai.