Akina Heinzen Hawana Kizunguzungu

Ukiondoa kanisa dogo lenye mafuvu yaliyopangwa mpaka darini, tanuri la mkate linalowashwa mara mbili kwa mwaka ili lipigwe picha, na maghala ya nafaka yaliyosimamishwa juu ya mawe ya duara ili panya washindwe kupanda, Ritzboden, kijiji chetu cha mlimani, hakina cha kumwonyesha mgeni isipokuwa mfereji. Lakini mfereji unatosha. Unachukua maji pale barafu ya mlima inapoyeyukia, unayaleta kilomita saba kando ya bonde, na mahali pamoja unakosa hata ardhi ya kupita: umening'inizwa kwenye jabali tupu, magogo yaliyochongwa mashimo, yakibebwa na mihimili iliyopigiliwa mwambani. Kando ya magogo hayo ipo njia ya mbao za kukanyagia. Upana wake ni viatu viwili vikikaa kwa adabu. Chini ya ubao hakuna kitu, na hakuna kitu kwa mita mia tatu.

Mtunza mfereji ni Ambros Heinzen, umri wake miaka sitini na mmoja, mfupi, mikono mikubwa kuliko mwili unavyoihitaji. Baba yake alikuwa mtunza mfereji, na babu yake, na baba wa babu. Pale jabali hilo, tunaloliita ukuta, linapoanzia, penye msalaba, ofisi ya utalii imesimamisha bango lenye picha yake na maneno kwa lugha nne: akina Heinzen hawana kizunguzungu, ni damu yao. Hakuna aliyewahi kuipima damu hiyo. Lakini kijiji kizima kiliamini, kwa sababu imani hiyo iliturahisishia sote kubaki nyumbani.

Kazi ya mtunza mfereji ni kusikiliza. Karibu na nyumba za juu maji huzungusha gurudumu, gurudumu huinua nyundo ya mti, nyundo hupiga ubao: ko, ko, ko, kutwa kucha, kuanzia Mei mpaka Septemba. Wageni hudhani ni pambo na kuirekodi kwa simu. Sisi hatuisikii kabisa, mpaka inyamaze. Ikinyamaza, maji hayafiki. Yasipofika, yamekwama mahali au yamevunja njia, na lazima mtu aende ukutani akatazame. Mtu huyo ni Heinzen.

Oktoba mwaka jana, akiufunga mfereji kwa ajili ya majira ya baridi, Ambros alikuwa kwenye ubao wa mia moja na arobaini (ziko mia mbili na kumi na mbili, na anazijua kuliko anavyowajua wapwa zake) jiwe lenye ukubwa wa mkate liliposhuka kutoka juu. Halikumgusa. Lilipita mbele ya pua yake, likauchukua ubao uliofuata, likaenda nao. Alisubiri kusikia kishindo chini. Hakukisikia. Hapo ndipo kitu ndani yake kilipokatika. Alibandika mgongo kwenye mwamba na kubaki hivyo mpaka jua likahamia ng'ambo ya bonde. Kisha akarudi nyumbani akala supu.

"Umechelewa," akasema mkewe, Kreszenz.

"Ubao mmoja umeoza," akajibu.

Hakumwambia mtu mwingine, na huyo mmoja alimdanganya. Angesemaje? Ni kama padri kutangaza madhabahuni kwamba harufu ya ubani humtapisha. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi ya Ambros yalikuwa na ratiba: kila Jumatano, majira yote ya joto, ilimbidi kuwapeleka wageni ukutani. Jumatano alfajiri viganja vilikuwa vimelowa kabla hajanawa. Maelezo yake pale msalabani, ambayo zamani yalichukua dakika tano, yalirefuka yakafika thelathini na tano. Alieleza historia ya kila msumari huku jicho moja likitafuta mawingu, kwa kuwa mvua ikinyesha safari huahirishwa. Wageni wakaandika mtandaoni kwamba kiongozi yule ana mapenzi makubwa na urithi wa mababu.

Jumatano ya mwisho ya Julai mbingu zilikuwa safi kama sahani. Usiku wa kuamkia siku hiyo upepo ulikuwa umevunja matawi, lakini asubuhi haukuacha hata wingu la kumsaidia mtu. Wageni walikuwa saba. Kwa kanuni za chama cha mfereji lazima awepo mtu wa nyuma, na siku hiyo alikuwa Leander Eggel, mwenyekiti wa kijiji, mtu wa miaka arobaini na tano mwenye buti za bei kubwa. Sisi hapa kila mtu ni binamu wa mwenzake, kwa hiyo Leander naye ni binamu yake Ambros.

Mgeni mmoja, Bwana Ochsner, muuza bima kutoka mjini Winterthur, alitaka kutangulia. Alikuwa mnene, mwenye kofia ya ukindu na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Huu ndio ukuta wenyewe?" akasema. "Nilidhani utakuwa mrefu. Twende, Bwana Heinzen, kabla sijasinzia."

Wakatangulia wawili hao. Wale sita wengine walibaki msalabani wakipiga picha, na Leander alibaki nao akifunga kamba ya kiatu, kazi ambayo ilimchukua muda mrefu isivyo kawaida.

Kwenye ubao wa sitini upepo uliinyakua kofia ya Ochsner. Ikatua mferejini, ikaelea kurudi walikotoka.

"Itafika kijijini kabla yako, bwana!" Leander akapaza sauti kutoka msalabani, na wale sita wakacheka.

Ochsner naye alicheka, lakini alifanya kosa la kuifuata kofia kwa macho. Macho yalipoifuata, yaliona kilichokuwa chini yake. Hakutania tena. Kufikia ubao wa tisini Ambros alihisi koti lake likivutwa kwa nyuma: ngumi mbili zilikuwa zimelishika, na mwenye ngumi hasogei.

Ndipo nyundo iliponyamaza.

Ambros alielewa kabla hajageuza shingo. Kwenye ubao wa thelathini kuna chujio la chuma. Matawi ya usiku yalikuwa yameliziba nusu, kofia ikamalizia. Maji yaliyokosa njia yalianza kurudi nyuma na kupanda. Aliyaona yakifika ukingoni mwa gogo, yakisita kidogo, kisha yakimwagika juu ya ubao, juu ya viatu vyake, na kutoka hapo kwenda kule ambako vitu havina kishindo. Gogo lilianza kulia. Mihimili ile ilitiwa kubeba mzigo mmoja wa maji, si miwili.

"Leander!" akaita. "Chujio! Toa kofia! Mbao thelathini tu!"

Leander aliutazama ubao wa kwanza. Akautazama wa pili. "Naita helikopta!" akajibu, akatoa simu.

Kurudi hakukuwezekana, kwa kuwa Ochsner alikuwa ameijaza njia na hapakuwa na nafasi ya watu kupishana. Kulibaki kwenda mbele, mpaka mwisho wa ukuta, ambako kuna mlango wa maji: ukiuinua, mfereji wote unamwagikia korongoni na magogo yanapumua. Mbao mia moja na ishirini na mbili.

"Usiniache," Ochsner akasema, sauti yake imekuwa nyembamba.

"Nitakuachaje? Umeshika koti langu."

"Wewe huogopi. Imeandikwa pale."

Kwa maneno hayo Ambros alikuwa na jibu lake la kila Jumatano, jibu la mzaha, limekaa mdomoni kama meno. Alifungua kinywa alitoe. Kilichotoka ni kingine.

"Naogopa tangu Oktoba."

Maji yalikuwa yamefika vifundoni.

"Mungu wangu," Ochsner akasema. "Basi nani hapa haogopi?"

"Aliyeandika bango. Yeye yuko ofisini. Sasa kaa chini."

"Kwenye maji haya?"

"Kwenye hayo hayo. Matako yana akili kuliko miguu."

Wakakaa. Wakaanza kusota, sentimita kwa sentimita, miguu ya mmoja ikining'inia, ya mwingine imekunjwa kama ya chura, maji ya barafu yakipita ndani ya suruali zao. Kwenye baraza la hoteli iko darubini ya kutazamia kilele, na watu waliokuwa wakipanga foleni kuona kilele walianza kupanga foleni kumwona Heinzen akisota kwa makalio. Habari ilishuka kijijini kwa kasi ambayo maji hayakuweza siku ile.

Kwenye ubao wa mia moja na arobaini Ambros alisimama, kama aliyekaa anaweza kusimama. Ule uliofuata ulikuwa mweupe kuliko wenzake.

"Kuna nini?"

"Ubao mpya."

"Mpya si ndio mzuri?"

"Niliupigilia mwenyewe. Mikono ilikuwa ikinitetemeka. Sijui kama niliipiga misumari yote, na haujawahi kubeba watu na maji pamoja."

Ochsner alilizungusha koti lile mara moja zaidi kwenye ngumi zake. Meno yake yaligongana. Nyuma yao mhimili mmoja ulipasuka kwa mlio mkavu, na gogo likashuka kidogo, labda upana wa kidole. Ambros aliweka kiganja kimoja juu ya ubao mweupe. Akauegemea. Akaweka cha pili. Moyo ulikuwa ukimpiga masikioni hata akashindwa kusikia mti unasema nini, yeye ambaye kazi yake ni kusikia. Kisha akauhamishia mwili wake wote, taratibu, kama mtu anayejilaza kando ya mgonjwa. Ubao ulikaa. Hakusubiri ubadili mawazo.

Mlango wa maji aliuinua akiwa bado amekaa. Korongo likanguruma, na maji yaliyokuwa juu ya mbao yakapungua, yakaisha, yakaacha tawi moja la msonobari. Kutoka hapo njia inashuka msituni. Ochsner aliukumbatia mti wa kwanza aliokutana nao na hakuuacha kwa muda ambao mti mwingine ungeona aibu. Helikopta ilikuja, ikazunguka, haikuona mtu wa kuokoa.

Jumapili baada ya misa chama cha mfereji kilikutana kwenye chumba kilicho juu ya banda la gari la zimamoto. Kaya thelathini na moja, mvinyo mweupe mezani. Kwa mwoga huenda kicheko, na watu walikuwa wamekuja nacho tayari. Bibi Hermine Salzgeber, mwenye miaka themanini, alikitoa kwanza.

"Ambros, nasikia siku hizi unafuta vumbi ukutani kwa suruali."

Chumba kikaangua kicheko. Ambros alisubiri kiishe, akainuka.

"Ni kweli. Naogopa. Kofia ya yule bwana bado iko kwenye chujio, na maji yetu yako korongoni siku ya nne leo. Nyasi zenu mmeziona. Peke yangu siendi tena. Anayetaka kutangulia, ainue mkono."

Kicheko kilikufa hivi hivi. Mmoja alichunguza dari. Mwingine aligundua kidonda kidoleni. Vizazi vinne tulikuwa tumewatuma akina Heinzen kwa kuwa hawaogopi, na katika vizazi vinne hakuna aliyewauliza. Kreszenz aliwatazama mmoja mmoja, polepole, kama anayetafuta yai lililooza.

"Basi kura," akasema.

Kila kaya ina kijiti chake chenye alama iliyochongwa, cha kuonyesha zamu yake ya maji. Vijiti vikatiwa kwenye ndoo ya maziwa. Bibi Hermine akaitikisa, akachomoa kimoja, akakisogeza karibu na macho.

"Eggel," akasema.

Leander alikipokea kijiti, akakigeuza, akatafuta alama ya mtu mwingine upande wa pili. Haikuwepo.

"Binamu," akamwambia Ambros kwa sauti ya chini, "mtu anafanyaje pale?"

"Vaa suruali mbili. Maji ni ya barafu."

"Na woga?"

"Huo utakuja hata ukivaa tano. Saa nane tutafungana kamba. Mimi nitakuwa nyuma yako."

"Kwa nini nyuma?"

"Nikitangulia sitakuona, nitabaki nikisubiri kusikia umeanguka."

Leander aliinamisha kichwa. Desturi ya kuungama kabla ya kwenda ukutani ilikufa huku kwetu zamani za babu yake Ambros, na Leander mwenyewe, kwa hesabu ya mama yake, alikuwa hajaungama tangu harusi. Akakiweka kijiti mfukoni, akaiacha glasi yake ikiwa imejaa, akamwendea padri aliyekuwa akivaa koti mlangoni.

"Baba," akasema, "una nafasi kabla ya saa nane?"