Nilisema Mwenyewe Kwenye Bariyeri: "Ni Ndugu Yangu, Tumbo Moja"

Admin, ficha jina langu, ingawa mtaani kwetu Buyenzi wakisoma nusu tu watanijua. Mi ni baba wa miaka hamsini na sita, fundi wa magari. Shule niliiachia darasa la sita, lakini kutoka mtaa wa Kigobe mpaka Kiriri wakubwa waliniletea gari zao. Nikisikia injini kwa simu tu nakwambia pistoni ya ngapi imekufa. Siyo kujisifu, ulizeni.

Wakati wa vita, siku moja vijana walifunga mji. Nilikuwa natoka mtaa wa viwanda, Quartier Industriel, na Nestor (siyo jina lake), mchomeleaji tuliyefanya naye kazi depo moja. Kwenye bariyeri waliyoweka barabarani matairi yanawaka, mtaroni wamelala watu watatu, mmoja bado anatikisa mguu. Wakamkaba Nestor, eti ni wa kabila la maadui, panga limeshalowa damu. Nikasema, "Mumuache. Ni ndugu yangu, tumbo moja."

Walicheka. Mi nina kofia ya swala, yeye ana rozari shingoni. Wakauliza ni tumbo gani linazaa msikiti na kanisa. Nikajibu mama ni mmoja, marehemu, ila huyu alilelewa na bibi kwa mapadri. Wakatusukuma mpaka nyumbani wakamuulize baba, majirani wote wakiangalia, panga likiwa bado kwenye shingo ya Nestor. Baba alikuwa hajamuona maisha yake yote. Akamtazama, akasema, "Umechelewa, mwanangu. Ingia ule."

Mkubwa wao akasema siku wakisikia si ndugu, watarudi kumaliza nyumba nzima.

Basi Nestor akabaki. Baadaye baba zake wadogo walikuja kumwita wagawane shamba la marehemu baba yake. Nikamwambia mimi, kwa mdomo huu: waachie, hapa ndiyo kwenu. Akawaachia lote.

Sasa aibu yangu. Miaka yote nasimulia guruneti ilivyoanguka uani kwetu nikaidaka, nikairudisha kama chungwa. Siku nyingine nikisimulia, guruneti zinakuwa mbili. Kweli ni hii: nilikuwa chini ya Peugeot ya mteja, nimejikojolea. Nestor ndiye aliyemlalia baba kumkinga. Ilipolipuka, mkono wake wa kushoto ulining'inia kwa ngozi, damu ikaruka mpaka kwenye sufuria ya maharage. Baba hakupata hata mkwaruzo. Na huo mkono mmoja uliobaki ndio uliomuogesha mzee mpaka alipofariki mwaka jana.

Sasa wanangu wanataka kujenga gereji hapo nyumbani. Nikaita wazee wa mtaa, nikasema kiwanja cha baba ni changu peke yangu, Nestor si damu yetu. Mzee mmoja akauliza, "Ulidanganya siku ile, ao unadanganya leo?" Nikasema siku ile ilikuwa vita, lilikuwa neno la kuokoa mutu tu. Wakatazamana. Kumbe kila mmoja nimeshamsimulia mara ishirini nilivyomuokoa ndugu yangu wa tumbo moja.

Nikakimbilia kwa binti ya dada yangu aliyesoma sheria, nikidhani atanitetea. Akasema jambo hilo lina jina, estoppel, yaani kuzuiwa kukana neno ulilomfanya mtu aliamini, na msingi wake ni haki tu. "Tonton, kweli ao uongo, ulimukalisha mutu kwenye maneno yako. Akaachia shamba la kwao, akatoa mukono. Uwezi kuyavuta akiwa ameyakalia."

Nilikasirika, nikarudi kumwambia Nestor atoke. Hakubisha. Alikuwa anafunga kamba ya kiatu kwa meno na ule mkono mmoja, vile anavyofanya kila siku. Akamaliza kwanza.

"Nitatoka, kaka. Ila twende pale pale kwenye bariyeri. Useme mi si ndugu yako, kwa sauti ile ile."

Ijumaa baada ya swala ataningojea pale. Leo hakuna matairi, hakuna panga, ni mama wauza ndizi tu. Mi niliyedaka guruneti, naogopa kuliko siku ile. Ndugu zangu mnaosoma, nishaurini bila kunionea haya: nikifika pale, niseme nini?