Nguruwe Walikuja Jua Likishazama

Nikinusa mabua mabichi yaliyokanyagwa, ile harufu tamu ya maji ya mahindi yasiyokomaa, hasira ya baba hunirudia kana kwamba ni yangu mwenyewe.

Nilikuwa na miaka tisa, nyumbani kwetu Nangwa. Mwaka huo nguruwe pori walituandama. Walishuka kutoka msituni kila giza lilipoanza kuingia, wakala mahindi machanga na kuangusha hata yale wasiyoyataka. Asubuhi mama aliokota mabaki, na baba alikwenda tena kwa mtendaji wa kijiji kuandikiwa barua nyingine ya kuomba msaada. Kila barua ilijibiwa kwamba avumilie. Mimi nilikuwa na mstari wangu mmoja, niliopanda na kupalilia mwenyewe, na sikuwa na uvumilivu hata kidogo.

Hatimaye afisa wa wanyamapori alikuja kwa pikipiki kutoka Katesh, kijana mwembamba mwenye bunduki. Alimwamkia baba shikamoo, akanywa chai, kisha akaeleza kwa upole kwamba kibali chake ni cha mchana tu. Jua likizama haruhusiwi kupiga mnyama. Baba akamweleza kwamba mchana nguruwe wamelala msituni. Afisa akasema analijua hilo. Wakakaa kusubiri, baba akiliangalia jua kama mtu anayemwona mgeni wake akiaga mapema mno.

Mama alikuwa amenikataza kutoka ndani. Alipokwenda kukamua, nilichukua debe bovu na fimbo ya kuligongea niwafukuze, nikapita nyuma ya zizi, nikachuchumaa kwenye mstari wangu niulinde.

Jua lilizama, nao wakaja. Niliwasikia wakitafuna karibu kabisa. Nikasahau debe, nikaanza kurudi kinyumenyume, mabua yakinipiga usoni. Ndipo nikasikia sauti ya baba upande wa njia.

"Yule pale, anatikisa mahindi. Piga."

"Jua limezama, mzee."

"Nguruwe hawana saa, bwana."

"Mimi ninayo. Na simwoni ninayempiga."

Baba alimsihi, halafu akamfokea, jambo ambalo sikuwahi kumsikia akimfanyia mgeni. Afisa akatoa risasi kwenye bunduki, akawasha pikipiki, akaondoka. Nililia palepale kwa hasira. Nilitaka apige. Kulipokucha mstari wangu wote ulikuwa umelala chini, na mwaka huo tulikula viazi mpaka tukavichukia.

Kwa miaka mingi baba alimsimulia kila mgeni habari za afisa aliyekuja na bunduki akaishia kunywa chai. Watu walicheka, yeye hakucheka, nami nilimuunga mkono. Mpaka msimu mmoja nilipomwona binti yangu akikatiza shamba lile lile. Yeye haonekani, mabua tu yanatikisika. Nikamwita kwa sauti atoke upesi.

Krismasi iliyopita nilimwambia baba nilikuwa wapi jioni ile. Akaweka kikombe chini, akaniuliza mstari wangu ulikuwa wa ngapi kutoka njiani.

"Wa tatu," nikasema.

Mimi bado nina uchungu na sheria iliyotuacha na njaa, na ninajua kwamba ndiyo iliyoniacha hai; mambo hayo mawili sijaweza kuyapatanisha. Baba naye, tangu siku hiyo, hajamsema tena yule afisa.