Mikanda ya Barakoa

Mama alikuwa na hakika yake kuhusu oksijeni: ndiyo inayoua. Mjomba aliwekewa akafa, jirani yetu kule Ahero aliwekewa akafa, na wote aliwaona kwa macho yake. Kwa hiyo alipoingia wodini Kisumu akanikuta barakoa ya plastiki imenibana pua na mdomo, alianza kulia kabla hajanisalimia.

Nilikuwa nimekatwa kipande cha umio, ile njia ya chakula, na mfuko wa tumbo ukavutwa juu kuziba pengo. Mapafu yalikuwa yamechoka. Mashine ilinisukumia hewa kwa nguvu, nipende nisipende. Hata kupumua sikuachiwa. Sauti haikutoka. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaing'oa barakoa, wauguzi walinifunga mikono kitandani kwa bendeji, mtu mzima mimi, kama mbuzi wa soko la Awasi. Niliichukia mashine ile kuliko ugonjwa wenyewe.

Muuguzi alimweleza Mama asinipe chochote kinywani, hata tone la maji, na asiguse mikanda. Mama akaitikia kwa adabu ile anayoitumia akishaamua lake. Muuguzi alipokwenda kwa mgonjwa mwingine, nilimkazia Mama macho, nikayapeleka kwenye mikanda. Alinielewa mara moja. Siku zote amenielewa.

"Nyathina, mwanangu, hii kitu ndio inamaliza watu," alinong'ona. "Wacha nikutoe."

Akailegeza. Hewa ya wodi yenye harufu ya dawa ya sakafu ilinigusa uso, nikafurahi sana. Kisha nikavuta pumzi, na hakikuingia kitu cha maana. Nikavuta tena. Kifua kikagoma. Mikono imefungwa, sauti sina, na Mama ananitabasamia, akidhani ameniokoa. Niliogopa kufa, lakini niliogopa zaidi kwamba angebaki akijua ni mkono wa nani ulioniua.

Alipoona midomo yangu imebadilika rangi, tabasamu lilimtoka. Aliirudisha barakoa, akaikandamiza usoni pangu kwa mikono yote miwili, huku akiita muuguzi kwa sauti iliyoamsha wodi nzima. Muuguzi alikuja akakaza mikanda. Mama hakutoa mikono.

"Funga tu," alimwambia. "Mimi nashikilia."

Kesho yake mashine ilinishinda tena, nikamkazia macho. Alinielewa mara moja. Akageuza uso, akatazama dirisha.